Nyanya anaona haya kusema mbele ya mjukuu: nani amtafsirie kwa daktari?

Mjukuu wa Ganda, Malindi
Hamjambo wenzangu. Nyanya yangu anatibiwa shinikizo la damu, na kila aendapo kliniki hufuatana na mdogo wangu wa kiume aliye sekondari, kwa kuwa Kiswahili cha nyanya ni cha kuombea maji, na daktari aliyepo hajui Kigiriama. Juzi nyanya alinidokeza kwamba ameanza kutokwa na damu, naye alikwisha koma hedhi miaka mingi, lakini kliniki hakusema neno kwa sababu aliona haya kumtamkisha mjukuu mambo ya kike. Kijana akamwambia daktari kuwa hakuna tatizo jipya, na faili ikaandikwa hivyo. Je, tuna haki ya kuomba mtu mwingine, au tutaonekana wasumbufu?

Mkunga Mstaafu, Malindi
Mwanangu, damu hiyo isingoje miadi ijayo. Mwanamke aliyekoma hedhi akiona damu, hata tone, sharti apimwe, kwani ingawa mara nyingi chanzo si kikubwa, wakati mwingine huwa ni saratani ya kizazi. Mpeleke wiki hii hii.

Haki mnayo. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka mgonjwa apewe maelezo kwa lugha anayoielewa, inapowezekana, na mwanya huo wa "inapowezekana" usiwatishe, maana Malindi hakukosekani muuguzi anayezungumza Kigiriama. Mwombeni mapema, mkifika mapokezi, na muombe mwanamke. Msikubali kuitiwa mpita njia yeyote koridoni, kwa sababu siri ya mgonjwa nayo inalindwa na sheria hiyo hiyo.

Mkiwa ndani, nyanya amtazame daktari na azungumze naye, na mtafsiri aseme yote bila kufupisha. Nimewahi kumsikia mama akieleza maumivu yake kwa kirefu, yalivyoanza na yanakoshukia, kisha mkalimani akasema, "Anaumwa na tumbo."

Muuza Dawa wa Langoni, Lamu
Naafikiana na Bi Mkunga, ila tafsiri isiishie kwa daktari. Huku tunawapokea wazee wa Kiboni na Kiorma wanaovuka kutoka upande wa bara, na bahasha ya dawa ikiandikwa 8 tu, mzee huisoma saa nane mchana, ilhali aliyeandika alikusudia saa mbili asubuhi. Kwa hiyo humwomba mgonjwa amimine vidonge kiganjani anionyeshe atakachomeza baada ya alfajiri na atakachomeza usiku. Akikosea, mimi ndiye niliyeeleza vibaya, nami huanza upya.

Mzee wa Shela
Kijana msimfukuze kabisa. Yeye ndiye anayejua dawa za presha zimemezwa au zimesahauliwa, basi aingie kwa hayo, kisha atoke nje.

Mjukuu wa Ganda, Malindi
Nawashukuru sana. Nyanya amekubali twende kesho, lakini muuguzi wa Kigiriama tunayemfahamu pale ni jirani yetu, na nyanya hamtaki kabisa.

Mkunga Mstaafu, Malindi
Basi tafsiri wewe, mwanangu, wala usiilainishe habari ya damu. Itaje mwanzo, kabla ya presha, na uulize papo hapo kipimo kinachofuata kitafanywa wapi na lini.