Kuhamia kijijini Wales pamoja na watoto

Mama wa watoto wawili, Leicester:
Wazee wetu shikamooni; wenzangu, salaam. Mume wangu amepata kazi ya uuguzi Bangor, na nyumba tunayoitaka iko kijijini, ambako shule ya msingi husomesha kwa Kiwelisi. Mkubwa ana miaka saba na hajui neno la lugha hiyo. Mdogo ana miaka miwili. Naomba aliyelelewa huko atueleze maisha yalivyo.

Mkazi wa Cardiff, aliyekulia Gwynedd:
Dada yangu, nilikulia katika kijiji kimoja karibu na Bala, ambako mama alikuwa akihudumia wazee katika nyumba ya kuwatunzia, na nakusihi umwandikishe mwanao katika shule hiyo hiyo bila kumtafutia nyingine ya Kiingereza. Gwynedd, yaani jimbo hilo la Bangor na Bala, ina vituo vya lugha vinavyowapokea watoto wageni kwa wiki kadhaa, wakafundishwa Kiwelisi kwa nyimbo, michezo na masomo, kisha wakarudi darasani kwao. Mimi nilipita huko. Kiswahili changu hakikupungua, kwa sababu nyumbani mama hakuitikia lugha nyingine. Katika sensa ya 2021, asilimia 64 hivi ya watu wa Gwynedd walisema wanazungumza Kiwelisi, ilhali kwa Wales nzima hawakufika 18, kwa hiyo mtoto asiyekijua hubaki pembeni dukani, uwanjani na hata anapoalikwa kwa rafiki.

Kwa wazazi wangu, kanisa ndilo lililotufungulia kijiji. Baba alikuwa mwanakwaya wa Kilutheri huko Moshi, akisoma muziki kwa do-re-mi ya herufi. Jumapili ya kwanza alipofungua kitabu cha nyimbo pale kanisani alikuta herufi zile zile, akaimba besi tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho bila kuelewa maneno, na mzee aliyekaa mbele yetu akageuka kumtazama. Tangu hapo tulialikwa chai, tukaitwa zizini majira ya kondoo kuzaa, nami nikapewa chupa niwanyweshe maziwa wanakondoo waliofiwa na mama. Kila Januari mosi, kabla ya saa sita mchana, sisi watoto tulipita nyumba kwa nyumba tukiimba na kuomba calennig, yaani zawadi ya mwaka mpya, na majirani walitupatia sarafu.

Nakuomba sana usiseme mbele ya wenyeji kwamba lugha yao haina faida. Si mbali na kwetu, kijiji cha Capel Celyn, cha wasemaji wa Kiwelisi, kilizamishwa mwaka 1965, pamoja na shule na kanisa lake, ili Liverpool ipate maji, na wazee waliotuonyesha bwawa lile walizungumza kama watu waliotoka mazikoni.

Mengine yanavumilika. Mabasi ni machache, hivyo wewe pia uwe na leseni ya udereva. Desemba jua huzama karibu saa kumi alasiri. Unga wa ugali tulifuata Liverpool.

Baba wa watoto watatu, Caernarfon:
Naongezea kuhusu mdogo. Mudiad Meithrin, shirika lililoanza mwaka 1971, lina vikundi vya Cylch Meithrin kwa watoto wasiofikia umri wa shule, na vya Ti a Fi, ambako mzazi hukaa na mtoto wake wakicheza na kuimba. Nenda naye wewe mwenyewe: mke wangu alipata humo Kiwelisi chake cha kwanza, pamoja na jirani wa kumwangalizia mtoto siku za zamu. Ulizeni shuleni mapema, kabla ya kulipia nyumba.