Kwa nini chama tawala kilishindwa Ghana ilhali mfumuko wa bei ulikuwa umeshuka?

Mkazi wa Tabata:
Ndugu zangu, naomba kueleweshwa. Desemba 2022 mfumuko wa bei nchini Ghana ulifika asilimia 54.1, na miaka miwili baadaye ulikuwa umeshuka hadi karibu asilimia 23. Hata hivyo, katika uchaguzi wa tarehe 7 Desemba 2024, John Mahama wa upinzani alimshinda kwa mbali mgombea wa chama tawala, Mahamudu Bawumia, Makamu wa Rais wa wakati huo aliyewahi kuwa Naibu Gavana wa Benki Kuu na aliyeongoza timu ya uchumi ya serikali. Mbona wapiga kura hawakuujali unafuu huo? Nauliza kwa sababu hata hapa Dar es Salaam tunatangaziwa mfumuko wa karibu asilimia 3, lakini mama anayenunua unga Tandale hauoni unafuu wenyewe.

Muuza Nafaka:
Mleta mada, mfumuko kushuka si bei kushuka. Ni bei kupanda polepole zaidi. Kule Ghana, bidhaa zilizouzwa cedi 100 (sarafu yao) Desemba 2021 zilihitaji cedi 154 mwaka mmoja baadaye, karibu 190 Desemba 2023, na zaidi ya 230 mwishoni mwa 2024. Mtu ambaye kipato chake hakikuongezeka zaidi ya maradufu katika miaka hiyo mitatu alikwenda kituoni kupiga kura akiwa maskini kuliko alivyokuwa. Wateja wangu hawaniulizi asilimia, wananiuliza kilo shilingi ngapi.

Mwanafunzi wa Uchumi, Mlimani:
Naongezea kwamba kalenda ya uchaguzi na kalenda ya bei haziendi pamoja. Rais Jimmy Carter alimteua Paul Volcker kuongoza Benki Kuu ya Marekani Agosti 1979, riba ikapandishwa hadi kukaribia asilimia 20 ili kuuzima mfumuko uliokuwa umepita asilimia 14, na Novemba 1980 Carter akaangushwa na Ronald Reagan. Maumivu hayakuishia hapo, kwani ukosefu wa ajira ulifika asilimia 10.8 mwishoni mwa 1982, lakini kufikia 1983 mfumuko ulikuwa karibu asilimia 3, na mwaka 1984 Reagan alishinda majimbo 49 kati ya 50. Aliyepanda siye aliyevuna. Rais Richard Nixon alifanya kinyume: kabla ya uchaguzi wa 1972 alimshinikiza Gavana wa Benki Kuu, Arthur Burns, alegeze fedha, yaani riba ishuke na mikopo iwe rahisi, akashinda, kisha bei zikapaa, ingawa mafuta ya petroli nayo yalichangia. Ndiyo maana nasisitiza kwamba Gavana alindwe dhidi ya Ikulu. Ghana yenyewe, wakopeshaji wa nje walipoifungia milango mwaka 2022, ilichota mabilioni ya cedi kutoka Benki Kuu yake.

Mzee wa Temeke:
Kijana wangu, umesema vyema, lakini usiipe riba uwezo isiokuwa nao. Benki Kuu yetu ilianza kutumia riba yake kudhibiti mfumuko Januari 2024 kwa asilimia 5.5, na riba hiyo haiwezi kushusha bei ya petroli inayotoka nje wala kuleta mvua mashambani. Mafuta yalipopanda mwaka 2022, kilichotusaidia ni ruzuku ya shilingi bilioni 100 iliyoanza Juni. Wala si kweli kwamba kupambana na mfumuko humwangusha mwanasiasa siku zote. Nchini Brazil, Fernando Henrique Cardoso alisimamia mpango wa sarafu mpya akiwa Waziri wa Fedha. Sarafu hiyo, real, ikaanza tarehe 1 Julai 1994, bei zilizokuwa zikipanda zaidi ya asilimia 40 kwa mwezi zikatulia, na tarehe 3 Oktoba akachaguliwa kuwa Rais katika duru ya kwanza.

Mkazi wa Tabata:
Nashukuru sana, mzee wangu. Basi tofauti ni kwamba Mbrazil aliona bei zimetulia kabla ya kupiga kura, Mghana hakuona. Je, mgombea akiahidi ruzuku na mfumuko mdogo kwa pamoja, tumuulize nini?

Mwanafunzi wa Uchumi, Mlimani:
Muulize fedha za ruzuku zitatoka kwenye kodi ipi, au ni matumizi gani yatapunguzwa. Akikosa jibu, elewa kwamba atakopa, na wakopeshaji wakikataa atamgeukia Gavana.