Kidhibiti mafaili cha kwenye kivinjari kinatudanganya mchana kweupe

Wakuu, leo mtanivumilia, nina hasira.

Tovuti yangu iko kwenye seva ya kushirikiana, zile mnazorundikwa wateja kibao kwenye mashine moja. SSH, ile njia ya kuingia kwenye seva kwa amri za maandishi, wameifunga. SFTP, njia salama ya kuhamishia mafaili, wanasema ni ya wenye kifurushi cha juu. Mlango pekee tulioachiwa ni kidhibiti mafaili kinachofunguka ndani ya kivinjari. Sawa, sina ugomvi na kivinjari. Kuna siku uko mbali na kompyuta yako na unataka kurekebisha mstari mmoja tu, hapo kinafaa sana. Ugomvi wangu ni kwamba hiki kitu hakisemi kweli. Kikishindwa, kinasema kimeweza.

Nimefungua faili la mipangilio, lile lenye jina la hifadhidata na nywila yake. Nikabadilisha mstari mmoja, nikabonyeza Hifadhi. Ikaja tiki ya kijani, "Mabadiliko yamehifadhiwa". Nafungua tovuti, nyeupe pee. Narudi kwenye orodha ya mafaili, natazama safu ya ukubwa: 0. Yaani baiti sifuri! Si ule mstari wangu tu uliopotea, faili zima limekombwa. Na tiki ya kijani bado iko pale juu inaning'inia.

Kabla hamjaniuliza bakapu: ipo, ndiyo iliyonitoa. Lakini hiyo haimsafishi aliyeandika hii programu.

Kilichotokea ni hivi. Logi ya makosa, yaani faili ambamo makosa ya tovuti yanarekodiwa, ilikuwa imekula nafasi yote ya akaunti na bado ilikuwa inaandikwa. Programu ikalifungua faili langu kwa namna ya kuliandika upya. Ukilifungua hivyo, yaliyomo yanafutwa hapo hapo, kabla hata herufi moja mpya haijaingia. Kanafasi kalikoachwa kakamezwa na logi. Programu ikajaribu kuandika, mfumo ukakataa kwamba nafasi imeisha. Mfumo ulisema, jamani! Kwenye PHP, lugha ya programu inayoendesha seva hizi, amri ya kuandika faili, file_put_contents, inakurudishia idadi ya baiti zilizoandikwa, na ikishindwa inakurudishia false, yaani "hapana". Mtu akaandika kodi, jibu hilo hakulitazama, akachora tiki ya kijani akaenda zake.

Na njia sahihi haikuvumbuliwa jana. Unaandika kwenye faili la muda pembeni, unahakikisha limeingia lote, kisha unalibadilisha jina lichukue nafasi ya lile la zamani. Kwenye Linux, kubadili jina ndani ya mfumo mmoja wa mafaili kunafanyika kwa mkupuo: atakayelisoma atakuta la zamani au jipya, hawezi kukuta nusu. Nafasi ikiisha njiani, la zamani liko salama na wewe unapewa ujumbe wa kosa. Ni mistari michache ya kodi, basi. Kwa hiyo msiniambie ni ugumu wa teknolojia.

Upande wa kupakia nao ni vilevile. Mstari wa maendeleo unafika asilimia 100, unashangilia, halafu folda iko kama ulivyoiacha. Ile asilimia inahesabu baiti zilizotoka kwenye kivinjari chako, haijui chochote kuhusu kilichokaa kwenye diski ya seva. PHP ikiachwa na mipangilio yake ya kuzaliwa, upload_max_filesize (kikomo cha faili moja) ni megabaiti 2 na post_max_size (kikomo cha ombi zima) ni 8. Ombi likizidi hiyo ya pili, PHP inaikabidhi programu $_POST na $_FILES, vile vikapu vya data na mafaili uliyotuma, zikiwa tupu kabisa, onyo linaishia kwenye logi usiyoiona. Programu ya kizembe inaona hakuna kilicholetwa, inakurudisha kwenye orodha kimya kimya. Data yako imekwenda, muda wako umekwenda, na hakuna aliyekwambia faili lilikuwa kubwa mno. Wakati kivinjari kinajua ukubwa wa faili kabla baiti ya kwanza haijatoka! Kukagua pale pale na kusema "hili limezidi" kunawashinda nini?

Halafu kuna "Chagua vyote". Nimehamisha tovuti kutoka folda moja kwenda nyingine, nikachagua vyote, nikahamisha. Ukurasa wa mwanzo unafunguka, kurasa za ndani zote 404, yaani "haupatikani". Faili la .htaccess, linaloiambia seva kurasa hizo zipatikane vipi, limebaki kule kule, kwa sababu majina yanayoanza na nukta yanafichwa mpaka uende kwenye mipangilio ukaweke alama ya kuyaonyesha. Kuyaficha naelewa. Ila basi msiandike "vyote", andikeni "vinavyoonekana".

Kufungua zip sitaki hata kulizungumza. Muda wa seva ukiisha katikati inakatwa, unabaki na nusu ya folda na hujui ni nusu ipi.

Kikao (ule muda unaohesabiwa umeingia kwa nywila) kikiisha ukiwa unaandika, unabonyeza Hifadhi unatupwa kwenye ukurasa wa kuingia na maandishi yako yamekwenda na maji. Inaudhi, lakini hapo angalau unaona kwamba umeumia.

Nikawafungulia tiketi wenye seva. Jibu la kwanza: futa kache ya kivinjari, yaani nakala za kurasa kinazojiwekea. Faili lina baiti sifuri kwenye diski YAO, mimi nifute kache. Nikawaeleza tena taratibu kama mtu anayemlisha mtoto uji. Jibu la pili: weka ruhusa 777. Hao ndio wataalamu wetu. 777 maana yake kila mtumiaji wa mashine ile anaruhusiwa kusoma, kuandika na kuendesha, kwenye seva ya kushirikiana, faili lenye nywila ya hifadhidata! Faili kama hilo 600 (mwenyewe tu kusoma na kuandika) ingelitosha kabisa pale PHP inapoendeshwa kwa jina la mwenye akaunti, na 644 (wengine kusoma tu) ndiyo ya kawaida kwa mengine.

Najua kuna atakayekuja kusema nisakinishe programu-jalizi ya kusimamia mafaili, yaishe. Ndugu yangu, Septemba 2020 programu-jalizi ya WordPress (mfumo wa kutengenezea tovuti) iitwayo File Manager, iliyokuwa kwenye tovuti zaidi ya 700,000, ilikutwa na tundu lililomruhusu mtu yeyote, bila hata kuingia kwa nywila, kupakia faili la PHP na kuliendesha. Watu walivamiwa kabla hawajasasisha kwenda toleo 6.9. Mlango wa kuandika kwenye diski siuongezi wa pili wakati wa kwanza tayari ni bovu.

Mwenye uzoefu wa kuwabana hawa watu wafungue SFTP bila kukupandisha kifurushi aniambie alitumia maneno gani. Na kama humu kuna mwandishi wa programu za namna hii, aje hapa anijibu moja tu: mfumo unapokurudishia false, unaipeleka wapi?