Matufaha ya Kabale: friji, jungu au boksi la magazeti?

Mama Kigezi
Shikamooni wazee, na wengine habari zenu. Nina miti 11 ya matufaha huku Kabale, Uganda, ya aina mbili: Anna na Golden Dorsett. Kwetu hakuna majira ya baridi ya kuangusha majani, kwa hiyo tunayapukutisha kwa mkono ili mti uchanue, na matunda huiva yote kwa mpigo. Nimeuza, zimebaki katoni 3 za nyumbani. Msimu uliopita niliyatia kwenye gunia stoo. Baada ya wiki mbili nikaingiza mkono, vidole vikazama ndani ya tunda kama kwenye uji. Niliumia sana. Safari hii nataka wanangu wakirudi kutoka bweni, wiki 6 kutoka leo, wayakute. Nitumie nini?

Salama wa Kampala
Pole sana nyabo. Kwangu mimi friji haina mpinzani. Tufaha huendelea kupumua hata baada ya kuchumwa, na ubaridi ndio unaolituliza. Nyuzi 0 hadi 4 za Selsiasi ndizo zake. Ila hewa ya friji ni kavu. Ukiyaacha wazi, ngozi inakunjamana. Mimi nayatia kwenye kaveera (mfuko wa plastiki) niliyoitoboa kwa uma, nayalaza droo ya chini. Karoti zihamishe! Matufaha yanatoa gesi ya ethilini, nayo inazifanya karoti ziwe chungu. Umeme ukikatika, usifungue mlango.

Fundi wa Gulu
Na asiye na friji je? Huku jungu linatusaidia: dogo ndani ya kubwa, mchanga wenye maji katikati, kitambaa kibichi juu. Maji yakigeuka mvuke yanaondoka na joto. Mwalimu wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, ndiye aliyeieneza njia hii akapata Tuzo ya Rolex mwaka 2000. Mwezi wa kwanza, upepo mkavu ukivuma, ukitia mkono ndani ni kama umegusa ukuta wa kisima. Liweke kivulini penye upepo, umwagie mchanga maji asubuhi na jioni.

Mzee wa Bunyonyi
Fundi, hilo ni la Gulu. Huku kwetu Kabale asubuhi ukungu umetanda, hewa imeshiba maji, mchanga haukauki. Nililijaribu msimu wa mvua: jungu halikupoa, matunda yakaota kuvu.

Binti yangu, kabla ya chombo, tazama tunda. Lichume asubuhi lingali gumu. Lishike kwa kiganja, linyanyue huku ukilizungusha, litoke na kikonyo chake. Lililong'oka kikonyo lina kidonda. Hilo, na lililoanguka, na lenye tundu la mdudu, na lililobonyea hata kama alama ni ndogo kuliko ukucha, liwe ni la kuliwa wiki hii. Samaki mmoja akioza wote wameoza, na matufaha ni hivyohivyo.

Nimeishi Uingereza miaka 4. Mwenyeji wangu alikuwa akifunga kila tunda kwa gazeti peke yake, anayapanga tabaka moja kwenye trei za mbao, anayaweka kibandani nje. Tulikula matufaha yake, aina ya Bramley, hadi Machi. Lakini Bramley ni tunda la mwisho wa msimu, tena nje kule baridi ni ya friji miezi mizima. Anna ni tunda la mapema. Gazeti halitalipatia ubaridi, litazuia tu ugonjwa usiruke kwa jirani.

Mama Kigezi
Ahsante mzee. Friji yangu ni ndogo, haibebi hata nusu. Yapi yaingie?

Mzee wa Bunyonyi
Anna gumu, lisilo na alama. Dorsett kwangu hulainika mapema, hayo yafunge gazeti muyale kwanza.

Salama wa Kampala
Na boksi usiliweke karibu na ndizi wala parachichi, vitaivishana.

Mama Kigezi
Nimemaliza kuchagua sasa hivi. Anna 64 yameingia friji, yote na vikonyo. Dorsett yamefungwa gazeti, yako sakafuni kwenye chumba kisichopata jua, nitayakagua kila Jumapili. Yaliyobonyea yamejaza sufuria mbili, nachemsha jemu.

Fundi wa Gulu
Mama, usisahau ndimu kwenye hiyo jemu.