Yule mhakiki kanimalizia riwaya, na bado anajiita mpenzi wa vitabu!

Wakuu, nina hasira mpaka miwani imepiga ukungu. Mnamjua, simtaji. Yule anayehakiki riwaya mpya za upelelezi kila wiki kama anakimbizwa.

Nimekesha usiku tatu, niko ukurasa wa 212. Washukiwa wanne nimewachora kwenye karatasi, na mishale juu. Nikasema ngoja nichungulie uhakiki wake. Sentensi ya kwanza, wakuu, ya KWANZA: "Sitawaambia muuaji ni nani, ila mwangalieni sana yule daktari."

Mwangalieni sana yule daktari!

Wapelelezi wamehangaika sura 30, yeye kafunga kesi kabla ya nukta. Sasa daktari akimpa mtu dawa ya kikohozi tu, mimi jasho. Hiyo "ila" yake imeua wengi kuliko daktari mwenyewe. Ila! Ila mwangalieni!

Kalamu Butu: Pole mkuu. Lakini mtu ana sindano, ana sumu, anaingia kila nyumba, na wewe mpaka 212 hujamshuku? Ulikuwa unasoma au unapiga pasi?

Mleta uzi: Nilimwondoa kwa sababu alilia msibani!

Kalamu Butu: Alilia msibani 😂😂

Bundi: Mchezo wa Agatha Christie, The Mousetrap, ulianza kuchezwa London mwaka 1952, na watazamaji huombwa wakitoka wasimtaje muuaji. Umati wote huo unatunza siri, huyu mmoja kamwaga mchele kwenye kuku wengi.

Sura ya Tisa: Afadhali daktari. Mimi nimechoka na pacha anayeibuka kurasa tano za mwisho. Ronald Knox, mwandishi Mwingereza wa riwaya za upelelezi, alishakataza tangu 1929: mapacha wasitokee bila msomaji kuandaliwa. Waandishi wa siku hizi hawaambiliki. Na yule msimulizi mlevi asiyekumbuka kama aliua au hakuua, naye apumzike.

Mpita Njia: Mimi niko ukurasa wa 40 wa kitabu hicho hicho. Asante sana, mleta uzi.

Mleta uzi: Duh. Samahani mkuu. Ila ukifika msibani, uniambie kama ungemshuku.

Mama Kurasa: Wahakiki si kitu. Shemeji yangu kaazima riwaya yangu, karudisha haina ukurasa wa mwisho. Eti aliandikia namba ya simu.

Kalamu Butu: Mwangalieni sana yule shemeji.

Bundi: Huyo ana nafuu. Wangu kakisoma akiwa anaoga, kitabu kimevimba hakifungiki.