SMS, WhatsApp au Telegram kwa darasa la chuo: ipi inafaa?

Mhadhiri_Mgeni
Wadau, habari zenu. Muhula ujao nafundisha takwimu mwaka wa kwanza, wanafunzi karibu 200. Tovuti ya masomo ya chuo ipo, ila hawaifungui mpaka mtihani ubishe hodi. Nataka kuwafikia kwenye simu. Napima SMS za mkupuo, kundi la WhatsApp, au Telegram. Nyie mnatumia nini?

Chaki
WhatsApp, mjadala umefungwa. Wote wamo tayari. Kundi linabeba watu hadi 1,024, kwa hiyo 200 ni wachache.

Kalamu_Nyekundu
Haujafungwa, mkuu. Kwenye kundi la WhatsApp wanafunzi wanaonana namba za simu. Binti mmoja darasani kwangu alianza kusumbuliwa usiku na mtu aliyeokota namba yake humo humo kwenye kundi la somo. Tangu hapo simlazimishi mtu kuingia. Telegram inakuruhusu kuficha namba ukabaki na jina la mtumiaji. Na ukiiacha historia ionekane, anayejiunga wiki ya tatu anasoma yote tangu mwanzo, hana haja ya kuomba atumiwe upya.

Chaki
Kwenye namba sibishi. Lakini wengi hawana Telegram, utaanza kuwabembeleza wapakue. Mimi nimefunga kundi, admini pekee ndiye anayeandika. Zile "asante sir" mia moja zimekwisha.

Fundi_Meseji
SMS mnaidharau bure. Inafika hadi kwenye kitochi, haidai bando, haizami katikati ya stika. Ila mjue hesabu yake: ujumbe mmoja ni herufi 160, na ukitia emoji moja tu kikomo kinashuka hadi 70. Sisi wa Kiswahili tuna balaa la ziada, ile ritifaa ya ng'. Ukiinakili kutoka Word ikiwa imepinda, nayo inakushusha hadi 70. Tazama huu:

"STA 101: Jaribio la Alhamisi limehamia jengo la ng'ambo, chumba 14, saa 3 asubuhi. Njoo na kikokotoo na kitambulisho."

Haufiki herufi 120. Ritifaa ikiwa imenyooka, unalipia ujumbe mmoja. Ikipinda, unakatwa vipande 2, na unalipia mara mbili kwa kila mwanafunzi.

Mhadhiri_Mgeni
Hilo la ritifaa sikulijua! Lakini kwa SMS wataniuliza vipi maswali?

Fundi_Meseji
Wasikuulize huko. SMS ni ya kutangazia: chumba kimebadilika, kipindi hakipo. Ukianza kueleza somo kwa SMS utachanganyikiwa wewe na wao.

Bibi_Ubao
Mbona mnazungumzia matangazo tu? Kufundisha je? Mimi niko Telegram kwa sababu ya jaribio lake la kura. Unaandika swali, unaweka jibu sahihi, na maelezo mafupi yanamtokea anayekosea. Baada ya kipindi cha wastani na mediani (namba ya katikati ukizipanga kwa ukubwa) nilirusha hili: mishahara ya watu watano ni 2, 3, 3, 4 na 38, kipi kinamwakilisha vizuri mfanyakazi wa kawaida? Wengi wakachagua wastani, yaani 10, wakati wanne kati ya watano hawafiki hata 5. Kipindi kilichofuata nikaanzia hapo hapo. Kura haina majina, hivyo hata wale wasionyoosha mkono darasani wanajibu. (Facebook msiniulize. Wanafunzi hawataki mwalimu aone picha zao, na mimi sitaki waone zangu.)

Kalamu_Nyekundu
Naongezea: alama za mtu haziwekwi kwenye kundi lolote, hata kwa namba ya usajili. Wenzake wanaijua.

Chaki
Na tangaza saa za kujibu mapema. La sivyo saa 6 usiku utaulizwa "sir, kesho tunaishia wapi?"

Mhadhiri_Mgeni
Basi nitaanza hivi: SMS kwa dharura tu, Telegram kwa maswali na majaribio kwa anayetaka, na kila kitu rasmi kibaki kwenye tovuti ya chuo. Sasa SMS za watu 200 analipa nani?

Fundi_Meseji
Uliza idara kabla muhula haujaanza. Vyuo vingine vina akaunti ya SMS za mkupuo, inatumika kudai ada tu.

Chaki
Wakikunyima, kundi la WhatsApp bado lipo 😄