Wabongo wa Texas, bastola za mapambo kwenye nyama choma zetu zimenichosha

Wakuu, nimekasirika na leo sitang'ata maneno.

Mnaokaa Texas mnaijua desturi ya wenyeji wa vijijini. Kukiwa na choma ranchini au harusi, mzee anavaa bastola yake nzuri kuliko zote: Colt iliyochorwa nakshi chuma kizima, kishikio cha pembe ya ndovu au ya kulungu, mkanda wa ngozi wenye maua ya kuchonga na bizimu ya fedha. Wenyewe wanaiita bastola ya babekyu. Ni mila yao, wamekua nayo, sigombani nayo.

Nagombana na sisi. Tangu Septemba 2021, Texas iliporuhusu watu wazima wengi kubeba bastola bila kibali, vijana wetu wameivamia hiyo fasheni. Idi wanazo. Mahafali wanazo. Hadi kwenye arobaini ya marehemu mtu anakuja na bastola inayometameta kiunoni, wafiwa wamekaa mkekani!

Majuzi tulialikwa shambani nje ya Houston. Jamaa akavua mkanda wake, akautundika kwenye mgongo wa kiti ili ale pilau kwa raha, kisha akaondoka kufuata bia. Mtoto mdogo akaanza kuchezea bizimu. Dada mmoja akamwahi. Nilipomfuata mwenye bastola akaniambia, "Kaka, tulia, hilo ni pambo tu." Pambo gani lina risasi sita?

Na hizo sita ndizo zilizonimaliza. Colt ya mtindo wa 1873, ile ya kwenye sinema za makauboi, ni silaha ya zamani. Ikijazwa matundu yote sita ya risasi, nyundo yake, yaani kile chuma cha nyuma kinachogonga risasi, inalala juu ya risasi, na ikianguka au kugongwa vibaya inaweza kufyatuka bila mtu kugusa kifyatulio. Ndiyo maana wazee wa huku wanajaza tano na kuiacha nyundo juu ya tundu tupu. Mzee wa ranchi ukimwomba akuonyeshe bastola yake, anaitoa risasi kwanza, anakuonyesha kwamba ni tupu, ndipo anakupa. Sisi tumechukua fedha na nakshi, adabu yake tumeiacha hukohuko. Bastola inazunguka meza nzima kama simu mpya, kila mmoja anapiga nayo picha, na nusu ya meza wameshalewa.

Halafu kuna hili la viza, na hapa nawasema wenyeji wa shughuli hasa. Sheria ya shirikisho inamkataza mtu mwenye viza ya mwanafunzi au ya matembezi kuwa na bastola au hata risasi, isipokuwa kwa sababu chache kama leseni ya uwindaji. Ruhusa ya Texas haifuti katazo hilo. Adhabu inafika miaka 15 jela, na baada ya hapo unarudishwa nyumbani. Sasa mnamkabidhi bastola kijana wa chuo aliyeuziwa ng'ombe kwao ili alipiwe ada, apige picha, aiweke mtandaoni! Akikamatwa, nani kati yenu atampigia simu mama yake?

Msiniambie sheria inaruhusu. Sheria hiyohiyo inampa mwenye eneo haki ya kukataa silaha kwake, na kumwambia mgeni kwa mdomo kunatosha. Kwa hiyo mwenye shughuli anayenyamaza amekubali. Mnaona aibu kumwambia rafiki aache bastola nyumbani, lakini hamuoni aibu kuwaita wanawake na watoto waje kukaa pembeni yake.

Kuanzia sasa, kabla sijatoa mchango wa shughuli yoyote nitauliza kwenye kundi letu: silaha zinaruhusiwa au hapana? Nisipojibiwa, mchango sitoi na familia yangu haiji. Wanaoandaa choma ya sikukuu ijayo mpo humu, nawajua mnasoma. Jibuni hapahapa.